Mama ana baridi yabisi: mtoto karithi nini?

Kanda ya Ziwa imezoea kupima urithi wa magonjwa kwa mizani ya selimundu, na ina sababu. Karibu mtoto 1 kati ya 5 wanaozaliwa huku hubeba jeni moja ya selimundu, na familia yenye mgonjwa imeshaelezwa hesabu yake: baba mbebaji, mama mbebaji, basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Shida inaanza pale hesabu hiyo inapohamishiwa kwenye baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo vya mtu mwenyewe. Binti anamwona mama yake hawezi tena kukunja ngumi, anakumbuka kwamba bibi naye vidole vilipinda hivyo hivyo, anahitimisha kuwa zamu yake iko njiani. Upande wa pili wapo wanaokataa urithi kabisa: ni ubaridi wa ziwa tu, wanasema, na kushika maji alfajiri pale mwaloni. Pande zote mbili zimekosea, na kila moja inalipa. Wa kwanza anaishi na hofu, wa pili anachelewa kutibiwa.

Ukweli ni kwamba jeni za baridi yabisi zipo na zinajulikana kwa majina. Ila kwa mtu wa Mwanza hazitabiri ugonjwa kiasi cha kumfanya atoe hela yake kuzipima. Faida yake iko kwingine: zinatuonyesha kwa nini ndugu wa mgonjwa aepushwe na vumbi na sigara, na akaguliwe vidole mapema.

Tuanze na pacha, maana huko ndiko ushahidi uliko wazi zaidi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1993 ulikuta kwamba pacha mmoja wa kufanana akiwa na baridi yabisi, mwenzake naye huwa nayo katika jozi 15 hivi kati ya 100. Kwa pacha wasiofanana ni jozi 4 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayothibitisha kuwa damu ina mchango wake. Lakini igeuze namba hiyo uitazame upande wa pili: watu wawili wenye vinasaba vilevile, waliokaa tumbo moja, na bado mara 85 kati ya 100 mmoja anaumwa na mwenzake ni mzima. Kwa selimundu jambo hilo haliwezekani.

Ipo pia namba ya asilimia 60 inayotajwa sana kuwa mchango wa urithi, na inapotosha hata watu waliosoma. Haisemi kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi 60 kati ya 100 za kuugua. Inapima kundi zima la watu: katika tofauti zote za hatari zilizopo kati yao, sehemu gani inaelezwa na tofauti za vinasaba. Namba anayoihitaji yule binti ni nyingine. Duniani baridi yabisi huwapata watu kati ya 5 na 10 katika kila 1,000. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana hatari mara 3 hivi ya hiyo. Zidisha, utapata watu 15 hadi 30 kati ya 1,000. Wengine 970 na zaidi wataishi na kuzeeka bila kuujua ugonjwa huu. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mgonjwa na wanawe wanapaswa kuambiwa siku ya kwanza kliniki, na mara nyingi hawaambiwi.

Jeni yenye uzito kuliko zote inaitwa HLA-DRB1, nayo iko kwenye kromosomu ya 6. Mwaka 1978 Peter Stastny alionyesha kwamba wagonjwa hubeba aina iitwayo DR4 kuliko watu wasio na ugonjwa. Mwaka 1987 Peter Gregersen, Jack Silver na Robert Winchester wakaunganisha nyuzi: aina za hatari, ingawa zina majina tofauti, zinafanana mahali pamoja padogo mno, asidi amino tano tu, kuanzia nafasi ya 70 hadi ya 74 kwenye mnyororo wa protini hiyo.

Hapo panafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo urithi na mazingira vinapokutana. Kazi ya protini ya HLA ni kukaa juu ya seli ya kinga na kuinua kipande cha protini nyingine ili seli T, walinzi wa kinga ya mwili, zikichunguze, kama mchuuzi wa Kirumba anavyomwinua sato ili mnunuzi amkague. Kipande hicho hulala kwenye mfereji mwembamba. Kwenye aina za hatari, mfuko mmoja ndani ya mfereji huo una chaji chanya. Arginini, ambayo ni sehemu ya protini nyingi za mwili, nayo ina chaji chanya, kwa hiyo vinasukumana na kipande hakikai. Sasa kimeng'enya kiitwacho PAD kikiigeuza arginini kuwa sitrulini, chaji inapotea, kipande kinakaa vizuri mfukoni, na seli T zinaonyeshwa kitu ambacho zisingekiona. Zikikichukulia kuwa kigeni, mwili unaanza kutengeneza kingamwili dhidi ya protini zake wenyewe. Kingamwili hizo ndizo zinazopimwa kwa jina la anti-CCP, na zinaweza kuwemo kwenye damu miaka 3 hadi 5, hata 10, kabla kidole cha kwanza hakijavimba.

Angalia vizuri nani amefanya nini. Jeni imeweka mfuko tu. Sitrulini haitoki kwenye jeni hiyo. Huongezeka pale tishu inapoumia na kuwaka, hasa kwenye mapafu yanayopokea moshi na vumbi, na kwenye fizi zenye usaha, ambako bakteria *Porphyromonas gingivalis* ana kimeng'enya chake cha kufanya kazi hiyohiyo. Mtu anaweza kuwa na mfuko huo maisha yake yote na usipate cha kubeba. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, wapatao 4 kati ya 10 wanabeba angalau nakala moja ya aina hizo, na wengi mno kati yao hawaugui kamwe.

Jeni nyingine ni nyingi na kila moja ina nguvu ndogo. PADI4 ilitambuliwa Japani mwaka 2003, PTPN22 mwaka 2004, STAT4 mwaka 2007. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2014 ulihesabu maeneo 101 ya vinasaba yanayohusika. Ule wa mwaka 2022, uliotumia sampuli zaidi ya 276,000, ukafikisha 124.

Lakini damu hizo ni za nani? Kwa sehemu kubwa ni za watu wa Ulaya na Asia Mashariki. Sampuli zenye asili ya Afrika zilikuwemo mwaka 2022, ila ni chache. Matokeo yake yanaonekana wazi. Badiliko la PTPN22, ambalo Ulaya Kaskazini ni la pili kwa uzito baada ya HLA, ni adimu sana kwa Waafrika. Aina ya HLA inayoitwa DRB1*04:01, inayotajwa mwanzo katika kila kitabu, nayo ni adimu kwetu. Kati ya Wamarekani weusi wenye baridi yabisi, robo tu hivi ndio waliokutwa na zile asidi amino tano, wakati kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo mtu wa Nyamagana au Ilemela anayetuma mate yake nje ya nchi apewe alama ya hatari, anapimwa kwa rula iliyokatwa kwa kipimo cha watu wengine. Jibu la "hatari ndogo" litampa utulivu usio na msingi. Kwa maoni yangu kipimo hicho kisinunuliwe kabisa. Hata vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 vinavyotumika kuutambua ugonjwa havina nafasi ya jeni yoyote: vinahesabu idadi ya viungo vilivyovimba, kingamwili, dalili za uwako kwenye damu, na kama hali imefikisha wiki 6.

Na Afrika ina mengi ya kuifundisha dunia hapa. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya jamii mbili za watu weusi. Kijijini, kwa Watswana, walikuta mgonjwa 1 hivi kwa 1,000. Soweto wakakuta 9 hivi kwa 1,000. Vinasaba havibadiliki kwa kizazi kimoja cha kuhamia mjini. Kilichobadilika ni hewa, kazi, moshi, chakula, msongamano. Mwanza ya leo, inayopanuka hadi Buhongwa, Kisesa na Usagara, ingepaswa kuisoma tofauti hiyo kwa makini.

Ndiyo maana ningependa mjadala wa urithi katika kanda hii uhamie kwenye vumbi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mvutaji wa sigara mwenye nakala mbili za HLA za hatari, moja ya mama na moja ya baba, alikuwa na hatari mara 21 ya kupata baridi yabisi yenye anti-CCP, akilinganishwa na asiyevuta na asiye na nakala hata moja. Watafiti wa nchi hiyohiyo wakaonyesha baadaye kwamba wanaume wavutaji waliofanya kazi kwenye vumbi la silika, madini yaliyomo kwenye mawe mengi, walikuwa na hatari mara 7 hivi ya aina hiyo. Jambo la kuvutia ni kwamba ugoro wa Sweden, wenye nikotini nyingi lakini usiopita mapafuni, haukuongeza hatari hiyo. Tatizo ni kinachoingia kwenye pafu. (Hilo halimsafishi mtumia ugoro, una madhara yake mengine.)

Silika tunayo. Dhahabu ya Geita, Misungwi, Kahama na vilima vya jirani hukaa ndani ya mawe ya kwatzi, na kwatzi ni silika. Jiwe likipita kwenye karasha likiwa kavu, wingu jeupe linaloonekana si hatari kuu, hilo linatua. Hatari ni chembe ndogo zisizoonekana, zinazobaki hewani muda mrefu na kufika mwisho wa pafu. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan aliandika kuhusu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales waliokuwa na baridi yabisi pamoja na vinundu mapafuni, kwa hiyo uhusiano huu si habari mpya. Mchimbaji ambaye mama au dada yake ana ugonjwa huu ana sababu ya ziada ya kufanya haya: alowanishe jiwe kabla ya kuliponda na aendelee kunyunyiza maji wakati karasha inazunguka, asichoronge mwamba mkavu, asimame upande upepo unakotoka, avae barakoa ya N95 au FFP2 iliyobana usoni, maana kitambaa cha kufunga puani na barakoa ya kawaida ya hospitali hupitisha chembe hizo, avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, na zilowekwe bila kukung'utwa. Hatua hiyo ya mwisho inasahaulika, na anayefua kwa kawaida ni mwanamke, ambaye tayari hatari yake ya baridi yabisi ni mara 2 hadi 3 ya mwanamume. Kama mchimbaji huyo anavuta sigara, kuacha ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotajwa hapa, ingawa hatari hushuka polepole, kwa miaka.

Kuna kosa jingine ambalo mazingira ya ziwa yanalichochea: kipimo cha RF, kingamwili nyingine inayotafutwa kwenye damu ya mwenye baridi yabisi. Ndugu wa mgonjwa akiwa na wasiwasi, huenda maabara ya mtaani, anapimwa RF, anaambiwa "positivu", anarudi nyumbani ameshajihukumu. RF hupanda pia kwa malaria, kifua kikuu, homa ya ini, VVU na kichocho, na kandokando ya ziwa, kuanzia Ukerewe hadi Sengerema na Magu, kichocho ni ugonjwa wa kila siku. Hata mzee mwenye afya njema anaweza kuwa nayo. Anti-CCP inaaminika zaidi, japo nayo kifua kikuu huweza kuipandisha, na ikiwa hasi haiondoi ugonjwa, maana sehemu kubwa tu ya wagonjwa hawana. Damu isipimwe kabla ya viungo kukaguliwa.

Na kukagua viungo hakuhitaji mashine. Mwenye ndugu wa karibu anayeumwa ajue mambo machache. Baridi yabisi hupenda vifundo vya vidole pale vinapoungana na kiganja, vile vya katikati ya kidole, na kifundo cha mkono, mara nyingi mikono yote miwili. Kifundo cha mwisho karibu na ukucha kwa kawaida hukiacha. Asubuhi mikono hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima, kabla ya kulegea. Mshike mtu kiganja kwa upande, kidole cha shahada hadi cha mwisho, ukibane kwa nguvu ya salamu ya kawaida: akishtuka kwa maumivu, chunguza zaidi. Bonyeza kifundo kilichovimba: uvimbe wa baridi yabisi ni mlaini, wa mzee aliyelika viungo ni mgumu kama mfupa ulivyo. Gauti huja ghafla, usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu. Mwanamke anayeanika na kugeuza dagaa siku nzima anaweza kuumwa viganja jioni kwa uchovu tu; tofauti ni kwamba maumivu ya uchovu hupungua kwa kupumzika, ya baridi yabisi huwa makali zaidi baada ya kulala. Dalili hizi zikifika wiki 6, mtu asibaki zahanati. Apewe rufaa hadi hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Asisubiri vidole vipinde, maana mfupa ukishaliwa haurudi, na uharibifu mwingi hutokea miaka 2 ya mwanzo.

Kinachowachelewesha wengi ni nafuu ya duka la dawa. Diklofenaki na prednisoloni humfanya mtu ajisikie amepona ndani ya siku mbili, uvimbe unashuka, na daktari anayemwona wiki hiyo hakuti kitu. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini, huku tumbo, figo na sukari vikiharibika. Wala hakuna dawa ya kinga kwa ndugu mzima: hydroksiklorokwini ilijaribiwa Marekani kwa watu wenye anti-CCP ambao bado hawajaugua, na haikuzuia.

Mgonjwa aliyethibitishwa kwa kawaida huanzishiwa methotreksati. Dozi ni mara moja kwa WIKI, miligramu 7.5 hadi 15 mwanzoni, pamoja na asidi ya foliki miligramu 5 siku nyingine ya wiki hiyo. Wanaoimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi hupata vidonda mdomoni, kisha uboho unashindwa kutengeneza damu, na wengine hufa. Siku iandikwe kwa jina, "Jumapili", kwenye pakiti yenyewe. Kabla ya kuanza, apimwe ini, figo, picha kamili ya damu, homa ya ini B, VVU na kifua kikuu. Anayetumia Septrin kwa sababu ya VVU aseme, kwa kuwa dawa hizo mbili kwa pamoja hukandamiza uboho. Mwanamke anayetaka mimba aache methotreksati miezi 3 kabla. Kuhusu mimba kuna jambo zuri la kivinasaba: wagonjwa wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, na utafiti wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba nafuu huja zaidi pale HLA ambayo mtoto ameichukua kwa baba inapotofautiana na ya mama. Baada ya kujifungua ugonjwa hurudi, kwa kawaida ndani ya miezi michache, kwa hiyo kliniki ya viungo ipangwe mapema, sambamba na ya mtoto.

Sasa, ipo jeni moja ambayo kweli yafaa iulizwe Mwanza kabla daktari hajaandika dawa, nayo haina uhusiano na HLA. Ni G6PD, jeni ya kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake ni wa kawaida katika maeneo yaliyoishi na malaria kwa karne nyingi, na Kanda ya Ziwa ni mojawapo. Sulfasalazini, dawa inayoongezwa au kutumika pale methotreksati isipofaa, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mwenye upungufu huo: mkojo unakuwa mweusi, macho yanageuka manjano, mgonjwa anaishiwa nguvu. Wanaume huathirika zaidi kwa kuwa jeni hiyo iko kwenye kromosomu X nao wanayo moja tu. Kipimo kisifanywe wakati damu inavunjika wala mara tu baada ya mtu kuongezewa damu. Chembe kuukuu zenye upungufu zitakuwa zimeshakufa, zilizobaki ni changa au za mtu mwingine, na jibu litasomeka kawaida wakati si kawaida. Isubiriwe miezi 3 hivi. Upungufu ukithibitika, sulfasalazini iondolewe kwenye orodha na iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya faili. Methotreksati inaweza kuendelea.